SOMO: ULEVI NA MADAWA YA KULEVYA – WENYE MTAA LAZIMA WASHIRIKI KUAMUA



Somo letu safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwa kicheko kilabuni na kwa machozi nyumbani. Nalo ni pombe kali na madawa ya kulevya. Hatukusudii kuhubiri. Mapadri, mashehe na wachungaji wanafanya kazi hiyo, nasi hatuwaingilii. Sisi tuliomo katika chama cha wafanyakazi tunataka kuuliza swali letu wenyewe: ni nani anayeamua mlevi atendewe nini kiwandani, shambani na mtaani? Na sisi tunaoishi naye na kufanya kazi naye, tunayo sauti gani katika uamuzi huo?

Somo hili limegawanyika katika sehemu sita. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika vikundi, ili ndugu wasiojua kusoma nao washiriki. Mwisho yapo maswali ya kujadiliana.

1. HALI ILIVYO

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mmoja. Anaishi Likuni, upande wa magharibi wa mji wa Lilongwe. Kila alfajiri anavuka mji mzima kwenda Kanengo, kwenye viwanda na maghala ya tumbaku. Anaondoka gizani na kurudi gizani. Njiani anapita penye kibanda kinachouza pombe kali katika vichupa vidogo vya plastiki. Kichupa kinaingia mfukoni, bei yake ni ndogo, na kwa muda wa saa moja kinamsahaulisha baridi na njaa. Mwanzoni anakunywa kimoja siku ya Jumamosi. Baada ya mwaka anakunywa kabla ya kuingia zamu, ili mikono yake iache kutetemeka.

Siku moja msimamizi anamkuta amesinzia kando ya mashine. Anafukuzwa papo hapo. Jioni ile anafanya fujo mtaani, anakamatwa, analala rumande. Wiki inayofuata mke wake anachukua watoto na kwenda nao kwa jamaa zake Dzaleka.

Hapo, ndugu, yamefanyika maamuzi matatu juu ya mtu mmoja. Mwajiri ameamua, polisi wameamua, na familia imelazimika kuamua. Lakini hakuna aliyemtibu. Wenzake wa zamu, ambao waliona mikono yake ikitetemeka miezi sita kabla ya msimamizi kuona, hawakuulizwa. Mkewe hakuulizwa. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Kiwanda kimepoteza fundi, watoto wamepoteza mkate, na ugonjwa umebaki palepale.

Kwa ndugu zetu wakimbizi wanaosema Kiswahili, kutoka Kongo na Burundi hasa, mzigo huo ni mzito zaidi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi iliweka masharti juu ya haki ya mkimbizi ya kufanya kazi na ya kwenda atakako. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi Mei mwaka ule polisi walianza kuwakusanya. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo haendi hospitali kusema, "Mimi nimeshindwa na pombe." Anajificha. Na ugonjwa unaofichwa hukua.

Dzaleka yenyewe inatupa funzo. Ipo wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, kilomita zisizozidi 50. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, palikuwa na gereza ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake. Neno *leka* kwa Kichewa ni "acha", na watu husimulia kwamba jina la Dzaleka lina maana ya "sitarudia tena". Yaani mtu akitoka humo, ameacha! Hata leo wapo wanaofikiri kwamba ulevi ni jambo la namna hiyo: mfungie mtu, mpige, mfukuze, naye ataacha. Lakini kambi iliyopangwa kwa watu 10,000 au 12,000 sasa ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao vijana wasio na ajira ya kudumu. Huwezi kuondoa ulevi mahali kama hapo kwa fimbo peke yake.

2. MAANA YA KUPUNGUZA MADHARA

Kupunguza madhara ni mpango wa kulinda uhai na afya ya mtu anayetumia kilevi hata kabla hajaacha. Wengine wakisikia hivyo hushtuka. Wanadhani maana yake ni kuruhusu ulevi. Sivyo.

Tulifikirie jambo hili kama wafanyakazi. Mashine ya kukatia tumbaku ina kisu. Chama hakidai mashine ivunjwe, wala hakimwambii mfanyakazi, "Ukikatwa shauri yako." Chama kinadai kisu kifunikwe. Katika mashamba ya tumbaku, unyevu wa majani mabichi hupitisha sumu ya nikotini kwenye ngozi, na mchumaji hupata kizunguzungu na kutapika. Basi tunadai glavu na nguo za kujikinga. Hakuna aliyewahi kusema kwamba glavu zinawaendekeza wafanyakazi.

Kupunguza madhara ni glavu ya namna hiyo. Kwa mtu anayejidunga madawa, ni sindano safi, ili asiambukizwe virusi vya UKIMWI au homa ya ini kwa sindano ya mwenzake. Kwa mnywaji, ni chakula kabla ya pombe, ni maji ya kunywa, ni kutoachwa alale barabarani, ni kutokaribia mashine siku ile. Kwa anayemeza vidonge vya ARV, ni mwenzake wa kumkumbusha dozi hata siku aliyolewa. Na kwa wote ni mlango wa tiba ulio wazi. Mtu aliye hai aweza kuacha kesho au mwaka ujao. Aliyekufa hana nafasi hiyo.

3. MAFUNZO KUTOKA KWA WENZETU

(a) Viroba vya pombe. Kwa miaka mingi pombe kali iliuzwa Afrika Mashariki na Malawi katika vifuko vidogo vya plastiki, ambavyo Tanzania viliitwa viroba. Hata mtoto wa shule aliweza kununua. Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Malawi nayo ilivikataza, baada ya vyama vya wananchi kupiga kelele. Wenye viwanda walikwenda mahakamani kupinga, na mvutano ule ulifika hadi 2015 ndipo marufuku ikasimama. Mwaka 2017 Malawi ilipata sera ya taifa juu ya pombe.

Huo ulikuwa ushindi wa wananchi, tusiubeze. Lakini nini kilifuata? Pombe ileile ilihamishwa kutoka kwenye kifuko ikatiwa kwenye kichupa kidogo cha plastiki. Sheria ilikataza chombo, muuzaji akabadili chombo. Sasa tujiulize: ni nani aliyekuwa wa kwanza kuona mabadiliko hayo? Hakuwa mkubwa ofisini. Ni mama anayeuza nyanya karibu na kibanda, ni mwalimu aliyeviokota vichupa nyuma ya darasa, ni mlinzi wa lango la kiwanda. Kama pangalikuwapo kamati ya mtaa yenye njia ya kupeleka habari kwa halmashauri, taarifa ingalifika wiki ileile. Sera isiyo na macho mtaani hupitwa na wafanyabiashara.

(b) Pwani ya Kenya. Huko tatizo kubwa ni unga, yaani heroini. Mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzo wa 2011, unga uliadimika ghafla Mombasa, Malindi na miji mingine ya Pwani, wakati serikali ilipowabana wafanyabiashara wake. Mtu angetazamia watu wafurahi. Lakini tiba ilikuwa haijaandaliwa. Mtumiaji wa unga akiukosa hupata arosto: mwili unauma, anatapika, anaharisha, halali. Watumiaji wengi waliugua kwa pamoja. Wengine waligeukia vidonge na pombe, wakachanganya vitu vya hatari. Serikali na watu wa huduma za dharura wakalazimika kukimbizana kutafuta msaada wakati watu wameshalala chini.

Funzo lake ni hili: ukifunga bomba, lazima kwanza uwe umechimba kisima. Wenye mtaa walijua ni nyumba zipi zina wagonjwa. Kama wangaliketi pamoja na serikali mapema, hospitali zingalijiandaa.

Watu wa Pwani walikuwa na uzoefu tayari. Malindi palikuwa na Omari Project tangu mwaka 1995, na Mombasa jumuiya ya Waislamu iitwayo MEWA ilikuwa ikiwahudumia watumiaji. Mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano safi ulipotangazwa, baadhi ya viongozi wa dini waliupinga kwa nguvu. Walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu jambo lilitangazwa kabla ya wao kuelezwa vya kutosha. Ilibidi pafanyike mazungumzo mengi, misikitini na barazani, ndipo huduma zikapata nafasi. Mwishoni mwa 2014 Kenya ilianza kutoa dawa ya methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafika Malindi.

(c) Dar es Salaam na Zanzibar. Mwezi Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Mgonjwa wa unga hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, arosto haimshiki, naye anaweza kurudi kazini na nyumbani. Lakini Muhimbili isingaliwapata wagonjwa hao kwa kukaa na kungoja. Vyama vidogo vya mitaani viliwafuata watumiaji maskani kwao, vikazungumza nao, vikawaandaa, vikawaleta. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wamewahi kutumia wao wenyewe, na kwa hiyo waliaminika. Watumiaji wa Tanzania wana hata mtandao wao wenyewe, TaNPUD, unaosema kwa niaba yao. Zanzibar nako zipo nyumba ziitwazo soba hausi, ambamo walioacha huwasaidia wanaotaka kuacha.

(d) Amsterdam, Uholanzi. Huko nyuma, mwaka 1984, watumiaji wa madawa mjini Amsterdam walikuwa na chama chao. Waliona homa ya ini ikienea miongoni mwao kwa kushirikiana sindano. Chama chao kikadai sindano safi, kikashirikiana na idara ya afya ya mji, na ubadilishaji wa sindano ukaanza. Leo mpango wa namna hiyo umeenea katika nchi nyingi. Katika Afrika, Mauritius ilitangulia mwaka 2006. Ndugu, tuone hapo: watu waliodharauliwa kuliko wote mjini walijipanga, wakatoa dai moja lililo wazi, wakasikilizwa. Hiyo ndiyo kazi ya chama chochote.

4. HAKI ZA MFANYAKAZI KAZINI

Mwaka 1996 Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, lilitoa mwongozo juu ya masuala ya pombe na madawa ya kulevya mahali pa kazi. Mwongozo huo uliandaliwa na wataalamu wa pande tatu: serikali, waajiri na wafanyakazi. Si sheria ya kumlazimisha mwajiri, lakini ni silaha nzuri mezani. Kila mwakilishi wa tawi ajue mambo haya yaliyomo:

Kwanza, matatizo ya pombe na madawa yahesabiwe kuwa matatizo ya afya, kama ugonjwa mwingine wowote.

Pili, sera ya kiwanda itungwe na mwajiri pamoja na wafanyakazi na wawakilishi wao. Isibandikwe ukutani tu kama tangazo.

Tatu, habari za mfanyakazi anayetafuta msaada zifanywe siri.

Nne, mwajiri anayo mamlaka ya kutoa adhabu, lakini ushauri na matibabu vipewe nafasi mbele ya adhabu.

Tano, sheria ziwe sawa kwa meneja na kibarua. Haifai chupa ya bwana mkubwa ofisini iitwe starehe, na kichupa cha mpakiaji kiitwe kosa la kufukuzwa.

Hali kadhalika tusisahau kwamba mara nyingi kazi yenyewe huleta ulevi. Katika mashamba ya mizabibu ya Cape, Afrika Kusini, kwa vizazi vingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mpango huo uliitwa *dop*. Baadaye ulikatazwa, lakini mpaka leo eneo hilo lina watoto wengi sana waliozaliwa na madhara ya pombe iliyowapata tumboni mwa mama zao. Kwetu hatulipwi kwa mvinyo. Lakini je, saa nyingi za zamu, usiku bila chakula, ujira usiofika mwisho wa mwezi, na kibanda kinachokopesha pombe langoni siku chache kabla ya mshahara, si ndugu wa *dop*? Chama kinachodai mapumziko, chakula cha zamu na ujira wa haki, kinapunguza madhara ya pombe pia.

Lakini tuseme ukweli upande wetu vilevile. Mfanyakazi aliyelewa akiendesha forklifti au akiwasha mashine anahatarisha maisha ya wenzake. Kumficha si udugu. Udugu ni kumtoa kwenye mashine mapema, kumpeleka mahali salama, na kesho yake kwenda naye kwa mwakilishi wa tawi ili atafutiwe msaada kabla kosa halijawa ajali.

5. NAMNA YA KUANZA MTAANI

Katika Malawi, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1998 imezipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo mlango upo. Lakini halmashauri haiwezi kujua mambo ya kila uchochoro, lazima ipelekewe. Tunashauri hatua zifuatazo kwa Likuni, kwa Dzaleka, na kwa kila kambi ya wafanyakazi shambani.

Hatua ya kwanza: kuunda kamati ndogo. Wawemo kiongozi wa mtaa, mhudumu wa afya, mtu wa kanisa na wa msikiti, mwakilishi wa tawi la chama, na wanawake wasiopungua wawili. Awemo pia mama anayepika kachasu. Awemo mtu anayetumia au aliyewahi kutumia. Msiwaache hawa wawili nje kwa aibu. Bila wao mtakuwa mkitunga sheria za nyumba msiyowahi kuingia. Tena, mahali wanapoishi Wamalawi na wakimbizi pamoja, pawepo mkalimani. Mkutano wa Kichewa pekee unawaacha nje watu wa Kiswahili, na mkutano wa Kiswahili pekee unawaacha nje wenyeji.

Hatua ya pili: kutazama. Kabla ya kukataza lolote, kamati itembee majuma mawili na kuuliza. Pombe ipi inanyweka? Saa ngapi? Nani ananunua? Watu wanaumia wapi: barabarani, nyumbani, kazini? Msiandike majina ya watu. Andikeni mahali na matukio tu.

Hatua ya tatu: kukubaliana. Kachasu ni ileile ambayo Tanzania huitwa gongo, Kenya chang'aa na Katanga lutuku. Akina mama wengi wanasomesha watoto kwayo. Ukiwavamia na kumwaga mitungi bila kuwapa kazi nyingine, watapika usiku, kwa haraka, na pombe ya kificho ndiyo ya hatari zaidi. Basi kaeni nao. Makubaliano yanaweza kuwa haya: kutowauzia watoto, kutotia spiriti wala kemikali kuongeza ukali, kufunga saa iliyokubaliwa, kuuza chakula na kuweka maji ya kunywa, kutokopesha kwa dhamana ya mshahara, kutomwacha aliyelewa sana aondoke peke yake usiku kwenye barabara yenye magari.

Hatua ya nne: kupeleka juu. Yale ambayo kamati haiwezi yenyewe, kama vichupa vya viwandani, leseni za vibanda karibu na shule, na huduma ya ushauri hospitalini, yaandikwe na kupelekwa halmashauri, nakala kwa chama. Dai liwe fupi, lenye mahali na tarehe.

Hatua ya tano: kupima kazi kila miezi mitatu. Wengi hupima kazi hii kwa idadi ya watu waliokamatwa. Hicho si kipimo. Hesabuni walioumia, waliofikishwa hospitali, na waliorudi kazini. Ikiwa walioumia hawapungui, badilisheni mpango bila kuoneana haya.

Neno moja juu ya chamba, yaani bangi. Mwaka 2020 Malawi ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya viwanda na dawa. Wengine wamedhani kwamba sasa kuvuta kumeruhusiwa. Sivyo! Sheria ile inahusu wenye leseni. Kibarua au mkimbizi akikamatwa na chamba mfukoni hatasaidiwa na leseni ya tajiri. Kamati ieleze jambo hili wazi kwa vijana, ili wasipotee kwa kutojua.

6. MAMBO YANAYOOKOA MAISHA LEO

Yafuatayo hayangoji kamati. Kila mmoja wetu ayajue kwa moyo.

– Aliyelewa hadi kupoteza fahamu alazwe kwa ubavu, asilazwe chali, ili matapishi yasimzibe koo. Asiachwe peke yake. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Akipumua polepole sana, au midomo ikibadilika rangi, akimbizwe hospitali.

– Aliyekunywa pombe ya kienyeji kisha akaona ukungu machoni, akaumwa tumbo sana au kuhema kwa nguvu, huenda amekunywa sumu ya methanoli. Dalili hizo zaweza kuchelewa hata siku nzima. Asingoje kesho, aende hospitali mara moja. Akichelewa aweza kupofuka au kufa.

– Aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka asifungiwe chumbani aache ghafla. Mwili wake umeizoea. Anaweza kupata degedege, kuweweseka na hata kufa. Aende kwanza kwa mganga wa hospitali apunguziwe kwa utaratibu. Familia nyingi zimeumizwa na kosa hili, nazo zilikuwa na nia njema.

– Msichanganye pombe na vidonge vya usingizi au vya maumivu makali.

– Kwa watu wa Likuni, hospitali ya misheni ipo karibu. Kwa watu wa Dzaleka, kipo kituo cha afya cha kambi, ambacho huwatibu wakimbizi na wenyeji wa jirani. Kwa matatizo ya akili yanayotokana na ulevi zipo huduma za St John of God, Lilongwe na Mzuzu, na Hospitali ya Akili ya Zomba. Mgonjwa asindikizwe na mwenzake, hasa kama hajui Kichewa.

HITIMISHO

Wapo ndugu watakaouliza: "Je, huku si kuwaendekeza walevi?" Tunawajibu kwa swali. Tumewafukuza kazi miaka mingapi? Tumewafunga mara ngapi? Vibanda vimepungua? Wajane wamepungua? Kama njia moja imetumika miaka yote hiyo nasi tungali tunazika watu walewale, basi tuna wajibu wa kujaribu nyingine.

Wala hatusemi kwamba sheria haina kazi. Tajiri anayepakia sumu katika vichupa na kuisambaza hadi milango ya shule anastahili mkono wa sheria. Tunachosema ni kwamba sheria imshike yeye kwanza. Mgonjwa apate matibabu, na sisi tunaoishi kati ya hao wawili tuulizwe.

Turudi kwa yule mfanyakazi wa Likuni. Kama tawi lake lingalikuwa na mapatano na mwajiri, mwenzake wa zamu angaliweza kusema mapema bila kuitwa mchongezi. Angalipelekwa hospitali kwa siri. Angalipoteza majuma machache ya kazi, asipoteze kazi yenyewe. Na watoto wake wangalikuwa nyumbani kwao Likuni jioni ya leo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kiwanda au shamba lenu, mfanyakazi akikutwa amelewa hufanywa nini? Nani alitunga utaratibu huo?

2. Ni nani mtaani kwenu aliyekuwa wa kwanza kuona vichupa vya plastiki? Alimweleza nani?

3. Kama mtaunda kamati, mtamwitaje mama mpika kachasu na mtu anayetumia ili waje bila hofu ya kukamatwa?

4. Chagueni makubaliano mawili ambayo mnaweza kuyaanza mwezi huu bila kungoja fedha wala ruhusa.

Majibu ya vikundi yaandikwe na kuletwa katika mkutano wa tawi.

UMOJA NI NGUVU!